Baiskeli ya Chiku na Serikali Iliyopenda Vikubwa

Nchi ya Tutakua haimo kwenye ramani yoyote. Wachora ramani walipokwenda kuipima, serikali iliwaambia wachore kwanza nchi kubwa zaidi, halafu yenyewe itakua mpaka iijaze. Wachora ramani wakakunja kamba zao wakarudi kwao. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimtazame jirani yake kwa jicho la pembeni akidhani labda ni hapa kwetu. Si hapa. Ni kwingine kabisa.

Watu wa Tutakua walikuwa na imani moja iliyowaunganisha kuliko dini na mpira: kwamba kitu hununuliwa kikubwa, halafu mwenyewe akakua mpaka kikamtosha. Kila mzazi anaijua hekima hii anapomnunulia mwanawe viatu vya shule na kuvishindilia magazeti puani. Tofauti ni kwamba kule Tutakua hekima hii ilikuwa Katiba. Uwanja wa ndege ulikuwa na njia za kurukia zisizohesabika na ndege moja, nayo ya kukodi; njia zilizobaki zilianikwa mihogo. Bunge lilikuwa na viti vya wabunge ambao wazazi wao walikuwa bado hawajakutana. Polisi walivaa kofia zilizowashuka mpaka puani wasione mbele, jambo ambalo halikuleta tofauti yoyote katika utendaji wao. Hata methali zilirekebishwa. Ilikuwa marufuku kusema haba na haba hujaza kibaba. Raia mwema alisema haba na haba hujaza tangi.

Katika nchi hiyo aliishi Bwana Sudi Machaku, mtu mwembamba mwenye suti pana, Mkurugenzi Msaidizi wa Sifa katika Ofisi ya Hotuba. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ambayo wakubwa waliyasoma huku wakishangaa jinsi walivyojaaliwa busara. Ni yeye aliyetunga msemo uliopakwa rangi kwenye kila ukuta wa mji mkuu: KINACHOKUTOSHA LEO NI TUSI KWA KESHO YAKO. Sudi hakuwa mtu mbaya. Aliyaamini maneno yake kama mpishi aliyezoea anavyoiamini chumvi yake, yaani bila kuonja.

Mkewe, Mwanamkasi, alifundisha chekechea, ambako watoto walikalia viti vya futi tano na kuteremshwa kwa zamu wakati wa uji. Walikuwa na binti mmoja, Chiku, wa miaka tisa, mdogo wa umbo na mwingi wa maneno. Kila asubuhi alianza kuzungumza alipofumbua jicho la kwanza, na kabla hajafumbua la pili alikuwa ameshauliza maswali ya kutosha kumchelewesha baba yake kazini.

Nyuma ya nyumba yao serikali ilikuwa imechimba shimo la treni ya chini ya ardhi, kwa ajili ya abiria milioni kadhaa watakaozaliwa. Treni haikuja. Shimo likawa makazi ya vyura, na udongo uliochimbwa ukabaki umerundikana vilima kwa vilima. Watoto wa mtaa waliona kile ambacho wahandisi hawakukiona: mahali pazuri pa kurusha baiskeli. Chiku alikuwa na kibaiskeli cha kurithi, kimeliwa na kutu, na juu ya vilima vile alikuwa hashikiki. Alipanda, akaruka, akatua, akakata kona huku akisimulia kwa sauti kila alichokuwa anakifanya. Siku moja fremu ikakatika katikati ya sentensi. Alitua upande mmoja, baiskeli upande wa pili, na bado akaimalizia ile sentensi.

* * *

Wakati huohuo Mtukufu Rais alikuwa ng'ambo kutibiwa jino. Chumba cha kusubiria kilikuwa na televisheni, na kwenye televisheni watoto wenye helmeti walikuwa wakishindana kwa baiskeli ndogo juu ya matuta ya udongo, wakipaa kama panzi. Waliita mashindano hayo BMX. Mtukufu aliondoka na jino lake bado linauma. Alifika nyumbani akatangaza, akiwa ameshika shavu, kwamba Sikukuu ya Makuzi mwaka huo ingepambwa kwa mbio za BMX za watoto, na nchi jirani zingealikwa kuja kushindwa.

Iliundwa Wizara ya Magurudumu. Alikabidhiwa Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Bombwe Tindo, ambaye vyeo hivyo vyote alipewa vikiwa vikubwa ili akue navyo. Waziri aliwahutubia wananchi kwa hotuba ambayo Sudi aliiandika, isipokuwa pale Waziri alipoongeza ya kwake.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "BMX ni nini? Nimewauliza wataalamu wangu. B ni Bora. M ni Mno. X ni siri ya Serikali!"

Makofi.

"Wenzetu huko nje wanawapandisha watoto wao vibaiskeli vidogo. Mimi nasema huko ni kumdharau mtoto! Mtoto wa Tutakua atapanda baiskeli ya mtu mzima. Tena mtu mzima mrefu!"

Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakahama. Sudi naye alipiga, kwa bidii ya mtu anayeyapigia makofi maneno yake mwenyewe.

Timu ya taifa ikachaguliwa. Watoto wa wakubwa walichaguliwa kwa kipaji cha kuzaliwa. Waziri alimtoa binti yake, Mwanakombo, mtoto mpole wa rika la Chiku, aliyekuwa hajawahi kugusa baiskeli kwa sababu nyumbani kwao ilikuwepo moja tu, nayo ilikuwa imetundikwa ukutani kama pembe za nyati. Nafasi moja ikaachwa kwa mtoto wa kawaida, ili wageni waone usawa. Wakaguzi walipofika kwenye vilima vya udongo, wakamkuta Chiku ameazima baiskeli ya mwenzake na yuko hewani, wakamwandika kabla hajatua.

Sudi alirudi nyumbani siku hiyo amevimba kwa fahari. Suti karibu imtoshe.

* * *

Baiskeli zilitolewa Bohari ya Taifa, na aliyezitoa alikuwa Mpimaji Mkuu, Bwana Fumu, mtu mwenye tepu shingoni iliyoning'inia mpaka magotini.

"Cheo chako?" alimuuliza Sudi.

"Mkurugenzi Msaidizi wa Sifa."

Bwana Fumu akatafakari. "Binti wa Waziri amepewa ya magurudumu ya inchi ishirini na tisa. Wewe hujafika huko. Nakupa ya ishirini na nane, na tafadhali usijivune mitaani."

"Atakayepanda ni mimi," ilisikika sauti.

"Nani anaongea?" Bwana Fumu aliinua kofia iliyomziba macho, akachungulia ng'ambo ya kaunta, akamwona Chiku. "Ala! Mtoto naye kaja? Si lazima aje. Sisi tunapima cheo cha mzazi, basi."

Wafanyakazi wawili wakaitoa baiskeli wakihema. Ilikuwa jabali. Ilikuwa na gia nyingi, karia ya kubebea gunia la mahindi, madigadi ya bati ya kukinga matope, stendi, taa mbele na nyuma, vioo viwili vya kumtazama anayekuja, na kengele ambayo Bwana Fumu alipoijaribu, watu wa mtaa wa pili walidhani ni moto. Wakamwinua Chiku wakamweka juu. Miguu yake ikaning'inia kama soksi kwenye kamba.

"Baba, sifiki kwenye pedali."

"Utafika," alisema Bwana Fumu.

"Lini?"

"Serikali inakadiria miaka kumi."

"Lakini mbio ni mwezi ujao."

Bwana Fumu alimgeukia Sudi kwa huruma. "Mtoto huyu ana haraka. Kumbuka ule msemo wetu mzuri, Bwana Mkurugenzi. Kinachokutosha leo..."

"...ni tusi kwa kesho yako," Sudi alimalizia. Ulimtoka kwa mazoea. Lakini safari hii, alipomtazama binti yake kule juu akiwa ameukumbatia usukani kwa mikono iliyonyooka kama fito, aliuonja msemo ule kwa mara ya kwanza, na chumvi ilikuwa imezidi.

Walipofika nyumbani Mwanamkasi alikuwa mlangoni. Aliitazama ile baiskeli kwa muda.

"Baba Chiku, umeoa mke wa pili?"

"Mama Chiku, hii ni baiskeli ya mtoto."

"Nauliza kwa sababu haiingii humu mpaka mimi nitoke."

* * *

Asubuhi ya Jumamosi waliipeleka kwenye vilima. Sudi aliishika, Mwanamkasi akampandisha Chiku kwa kutumia kigoda, na vipande vya mbao vilifungwa kwenye pedali ili miguu ikutane navyo katikati ya safari. Chiku alikuwa na helmeti yake na maneno yake yote.

"Nisukume, Baba! Nikifika pale juu nitaruka, halafu nitakata kona kushoto, halafu—"

Sudi akasukuma. Baiskeli ilipanda kilima cha kwanza polepole kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Ilipofika kileleni ikafikiri kidogo. Kisha ikaanza kushuka, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba ilikuwa na mawazo yake yenyewe. Chiku alitafuta breki, lakini vidole vyake havikufika. Akatafuta pedali, nazo zilikuwa upande wa pili wa mzunguko. Chuma chote kile, na karia yake na taa zake, kilipinduka mara moja na kumlalia.

Kilichomtisha Sudi hakikuwa kishindo. Ulikuwa ule ukimya uliofuata. Tangu azaliwe, Chiku hakuwahi kunyamaza.

Walimtoa chini ya baiskeli wakisaidiana na majirani. Kidevu kilikuwa kimechanika na jino la mbele limekatika nusu. Mikono na miguu, Mungu mkubwa, ilikuwa mizima. Hakulia. Alimtazama baba yake, damu imechuruzika mpaka kolani, akasema kwa sauti ndogo:

"Samahani, Baba. Nitajitahidi kukua."

Mtu anaweza kuandika hotuba miaka mingi asijue neno lina uzito gani mpaka lirudishwe kwake na mtoto mwenye jino lililovunjika. Sudi aliketi kwenye udongo na suti yake pana. Akataka kusema kitu, na kila kitu alichokuwa nacho mdomoni kilikuwa cha Serikali.

Kwenye zahanati, wakati kidevu cha Chiku kikishonwa, Mwanamkasi alikaa kando ya mumewe kwenye benchi refu ambalo miguu ya wote wawili haikugusa sakafu.

"Baba Chiku, sijawahi kukuingilia katika kazi yako. Leo nina swali moja. Mtoto huyu ni wako, au ni wa kesho?"

"Ni wangu."

"Wa leo?"

"Wa leo, Mama Chiku."

"Basi mtafutie baiskeli ya leo."

* * *

Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na nchi jirani, ambayo watu wake walikuwa na tabia mbaya ya kununua vitu vinavyowatosha. Familia ya Machaku ilikwenda huko wiki iliyofuata, mchana kweupe, kwa kisingizio cha kumwamkia shangazi. Katika mji wa mpakani walikuta duka la baiskeli la Bi Maua, mama mnene mcheshi aliyekuwa pia akiwafunza watoto wa mji huo mbio za BMX.

Sudi alijitambulisha kwa cheo chake kirefu. Bi Maua akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Hongera sana. Na mwendeshaji ni nani?"

"Mimi," alisema Chiku. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Ah! Karibu, mwanangu. Wewe ndiye ninayekutaka."

Akamtolea baiskeli ya kwanza. Chiku alipoikalia na kugeuza usukani, magoti yaligonga; ilikuwa ndogo mno. Akamtolea nyingine, na hapo alilazimika kujinyoosha kama mtu anayechuma papai. Hiyo ilikuwa kubwa mno. Ya tatu ilikuwa nyekundu. Chiku aliikalia, ncha za vidole zikagusa chini, viwiko vikakunjika vizuri, kidole kimoja kikaifikia breki bila kutafuta. Akashuka akaishika fremu, akaiinua kwa mkono mmoja, kisha akageuka akawatazama wazazi wake kana kwamba ameokota mwezi.

Sudi aliizunguka ile baiskeli mara kadhaa, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Gia ziko wapi?"

"Haina," alisema Bi Maua.

"Karia je?"

"Mtoto atabeba nini?"

Sudi akafikiri. "Hakuna atakachobeba."

"Basi."

"Breki naona ni moja tu, ya nyuma. Nyingine imeibwa?"

"Hapana, baba. Hapa watu hushindana kwenda. Hawashindani kusimama."

Sudi alitikisa kichwa. Mazoea yana taabu, na yake yalikuwa ya miaka mingi. Akamsogelea mkewe akanong'ona, "Unaonaje tukichukua iliyoizidi hii kidogo tu? Ili mwakani—"

Mwanamkasi akamkanyaga kidole cha mguu, si kwa bahati mbaya.

"Hii hii," Sudi alisema kwa sauti. "Tunachukua hii hii."

Chiku aliijaribu kwenye uchochoro wa nyuma ya duka. Alisimama juu ya pedali, akakanyaga, na kibaiskeli kikaondoka kama kimeitwa. Mbele kulikuwa na mtaro. Mwanamkasi akafunika macho, Sudi akayatoa. Chiku aliuvuka mtaro hewani, magurudumu mawili yakatua pamoja, akageuza, akarudi akiwa anaongea. Aliongea mpaka wakaagana na Bi Maua, aliongea njia nzima, alisimulia kila tuta atakaloruka na atakavyoliruka, na Sudi, ambaye kwa kawaida angeomba anyamaze kidogo, alitembea kando yake akisikiliza kama mtu aliyerudishiwa redio yake iliyopotea.

Mpakani ndiko kulikokuwa na kazi. Sheria ya Tutakua ilivihesabu vitu vidogo kuwa vifaa vya kudumaza taifa, na adhabu yake ilikuwa kubwa, kama ilivyotarajiwa. Zamu ilikuwa ya Koplo Nguzo, mwenye kofia puani.

"Hii nini?"

"Baiskeli, afande."

Koplo aliinua kofia kwa kidole. "Ndogo."

Sudi akavuta pumzi. Maisha yake yote alikuwa ametumia ufundi wake kwa faida ya wengine. Siku ile aliutumia kwa faida ya nyumba yake.

"Hapana, afande. Si ndogo. Iko mbali."

Koplo Nguzo akanyoosha mkono akaugusa usukani. "Mbona naigusa?"

"Una mkono mrefu, afande. Sifa hiyo tumeisikia mpaka makao makuu."

Koplo akautazama mkono wake kwa heshima mpya. Kisha akamnyooshea Chiku kidevu. "Na huyu naye yuko mbali?"

"Mbali sana, afande. Hata kumsikia ni shida."

"Shikamoo, afande!" alisema Chiku.

"Marahaba." Koplo aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama karibu na sikio la Sudi. "Mzee, huko mlikotoka zimebaki nyingine zilizo mbali namna hii? Nina mapacha nyumbani."

* * *

Sikukuu ya Makuzi ilifika. Uwanja ulijaa, bendi ikapiga, na Mtukufu Rais akapandishwa kwa ngazi kwenye kiti chake cha enzi, kiti kirefu kilichochongwa kwa ajili ya jitu litakalotawala siku zijazo. Kutoka huko juu aliwapungia watu mkono, na viatu vyake vilivyong'arishwa vilining'inia hewani.

Kwenye lango la kuanzia walijipanga wageni kutoka nchi jirani, kila mtoto na kibaiskeli chake. Pembeni yao ilijipanga timu ya taifa. Kila mtoto wa mkubwa alikuwa na wasaidizi wanne: wa kumshika kushoto, wa kumshika kulia, wa kumsukuma, na wa kupiga kengele. Mwanakombo, binti wa Waziri, alikuwa juu kabisa, amefumba macho, midomo inacheza kwa dua. Na mwisho wa mstari, peke yake, alikuwa Chiku, na baiskeli yake imefunikwa bendera mpaka dakika ya mwisho. Watu walidhani ni uzalendo.

Bendera ikatolewa. Filimbi. Lango likaanguka.

Wasaidizi waliachia, na timu ya taifa ikaangushwa na uzito wa vyeo vya wazazi. Ilianguka kwa mpangilio, kutoka kulia kwenda kushoto, kama ukuta wa udongo wakati wa masika. Namshukuru Mungu hakuna mtoto aliyeumia, kwa sababu wasaidizi walikuwa wengi na walilaliwa wao. Mwanakombo alitua juu ya Katibu Mkuu, aliyekuwa laini.

Lakini Chiku alikuwa ameshaondoka. Alikipanda kilima cha kwanza, akaruka cha pili, akakata kona ya kwanza amejilaza mpaka watu wa upande ule wakajilaza naye. Wageni wawili walikuwa mbele yake na wengine wote nyuma. Uwanja mzima ukasimama.

"Yule ni wetu?" Mtukufu aliuliza, darubini machoni.

"Wetu, Mtukufu!" alisema Waziri Bombwe Tindo, akifuta jasho.

"Anakwenda vizuri!"

"Maandalizi, Mtukufu! Ni maandalizi ya Wizara!"

"Mbona baiskeli yake ndogo?"

Bendi ilinyamaza, ngoma ya mwisho ikajutia mlio wake. Waziri alibadilika rangi.

"Hiyo ni... hujuma, Mtukufu. Mkurugenzi Msaidizi wa Sifa ataeleza." Akamshika mgongoni Sudi, aliyekuwa nyuma yake jukwaani na karatasi za hotuba, akamsukuma mpaka kwenye kipaza sauti.

Kipaza sauti kilikuwa kirefu. Sudi alisimama kwa ncha za vidole. Yale maneno aliyokuwa nayo mpakani yalikuwepo tayari ulimini, na hakika yangefaa. Wakubwa wa Tutakua walikuwa wamekubali makubwa kuliko hayo. Angesema tu kwamba iko mbali. Lakini hapohapo Chiku alipita chini ya jukwaa, karibu kiasi kwamba Sudi aliona mshono kwenye kidevu chake, na akamsikia anajisimulia: "Sasa kilima cha mwisho, usikaze mikono, usikaze mikono!" Kusema yuko mbali kungekuwa ni kumkana.

"Mtukufu," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za uwanja. "Baiskeli ni ndogo. Na mwanangu ni mdogo. Ana miaka tisa. Inamtosha."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kupita katika vipaza sauti vya Jamhuri. Lilizunguka uwanja likitafuta pa kukaa. Sudi alisubiri kukamatwa. Alimtafuta Mwanamkasi kwenye umati, akamwona amesimama juu ya benchi, ametoa kilemba anakipunga, na hata hamtazami yeye. Anamtazama mtoto.

Chiku akamaliza wa tatu.

Ni lazima ieleweke kwamba mpaka siku hiyo Tutakua haikuwahi kuwa ya tatu katika jambo lolote. Siku zote ilikuwa ya kwanza, lakini baadaye. Watu walitazamana. Wa tatu! Leo! Kelele zilizolipuka ziliwatoa vyura shimoni.

Mtukufu Rais hakupiga kelele. Alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake.

"Inamtosha," alisema taratibu, kama mtu anayeonja tunda la kigeni. Kisha: "Mimi miguu yangu imekufa ganzi tangu niapishwe. Nishusheni."

Alishushwa. Alipapasa ardhi kwa mguu mmoja, kisha kwa wa pili, akasimama, na wananchi wakagundua kwamba Mtukufu alikuwa wa kimo cha kawaida, tena mwenye uso mzuri ukiuona kwa karibu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Chiku.

"Hongera, mjukuu wangu. Naweza kuijaribu?"

Chiku aliipima baiskeli kwa macho, akampima Mtukufu.

"Hapana, shikamoo. Utaivunja. Haikutoshi."

Walinzi walishika silaha. Waziri akashika moyo. Mtukufu Rais alicheka mpaka lile jino lake bovu likaonekana, na kwa kuwa alicheka yeye, ikawa halali kwa kila mtu kucheka.

* * *

Serikali ya Tutakua ilikuwa haijui kugeuka kidogo. Kabla wiki haijakwisha ikatangazwa kwamba ukubwa ni adui wa taifa. Wabunge wakahamishiwa kwenye vigoda. Wimbo wa taifa ukabaki mstari mmoja, na waliochelewa kusimama waliukosa. Mawaziri wote wakaagizwa kwenda kazini kwa BMX za watoto, na kila asubuhi Mheshimiwa Bombwe Tindo alionekana barabarani, magoti yakipishana na masikio, akipitwa na mabata.

Sudi aliagizwa aandike hotuba ya kuuzindua mwelekeo mpya. Aliandika maneno mawili: "Pimeni kwanza." Waziri aliigeuza karatasi upande wa pili, akauliza hotuba iliyobaki iko wapi. Sudi alipomwambia kwamba imekwisha, alihamishiwa Idara ya Ukimya, ambako hakukuwa na kazi yoyote, na akawa anafika nyumbani mapema kwenda vilimani na mwanawe. Hakuwahi kuomba arudishwe.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Chiku alirudi kutoka vilimani akisukuma baiskeli.

"Baba, nikikata kona magoti yanagonga usukani."

Sudi alimsimamisha ukutani, akamtazama. Kweli. Mtoto alikuwa amerefuka, bila Wizara, bila mwelekeo, wala tangazo.

"Basi twende kwa Bi Maua. Na hii tutaifanyaje?"

"Nimeshampa Mwanakombo. Nilimwambia aje."

Mwanakombo alikuwa getini tayari, helmeti kichwani, na nyuma yake Waziri, aliyekuwa ameshuka kwenye kibaiskeli chake cha kiserikali ili anyooshe mgongo. Chiku alimkalisha mwenzake kwenye ile nyekundu. Miguu ikagusa chini. Vidole vikaifikia breki. Akamwambia jambo moja tu, ambalo kwa Chiku lilikuwa muujiza: "Tazama mbele."

"Subirini!" alisema Waziri, akitafuta miwani mfukoni. "Hatujazindua! Kuna hotuba fupi, na utepe, na—"

Mwanakombo akakanyaga pedali. Baiskeli iliyumba kushoto, ikayumba kulia, kisha ikanyooka ikashika mteremko wa vilimani, na kutoka chini ya ile helmeti kikasikika kicheko ambacho baba yake hakuwahi kukisikia tangu amzae. Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi alitupa miwani, akatupa koti, akamfuata mbio akiita jina lake, ameacha mdomo wazi na mikono imetanda. Majirani walitoka milangoni kushuhudia, kwa maana ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Tutakua kwa Waziri kuonekana anakimbia bila kukimbizwa.